Dastan Byarugaba na Muziki wa Kibanja cha Ihanda

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, mama yetu Laurensia, wifi yangu Liliane na watoto, majirani wa Ihanda na wageni mliotoka Rugu, Nyakakika, Nkwenda na mbali zaidi: wakubwa nawasalimu kwa shikamoo, wadogo nawapa pole. Mimi ni Deodatha, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu, walivyosema, mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Tutaona.

Nikimaliza kusoma, bendi ya matarumbeta ya usharika wetu itapiga muziki ambao kaka aliutunga kwa ajili ya nyumba hii mnayoiona nyuma yangu. Katikati ya muziki huo kuna kimya. Wengi wameusikia kwenye simu wakadhani chaji imeisha. Naomba mnisikilize vizuri, ili kimya kile kikifika kila mmoja wetu ajue tunasubiri nini.

Marehemu Dastan Byarugaba alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, hapa hapa Ihanda, wakati wilaya ya Karagwe ingali katika Mkoa wa Ziwa Magharibi. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Mzee Byarugaba, ambaye sasa ni marehemu, na mama yetu Laurensia. Alibatizwa mwaka huo huo. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa kwanza na wa kiume, hakuna aliyekaa kujadili nani angerithi kibanja, yaani shamba hili la ukoo pamoja na nyumba yake. Lilikuwa jambo linalojulikana kama vile inavyojulikana kwamba asubuhi kutakucha.

Alikulia kwenye migomba na mibuni, kama sisi sote. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kukamua ndizi. Wageni wetu wa mbali niwaeleze kidogo. Ndizi za pombe zikishaiva shimoni humenywa na kutiwa pamoja na nyasi kwenye mtumbwi, yaani ule mti mkubwa uliochongwa ndani, nao vijana waliokwisha kunawa miguu huzikanyaga huku wakiimba. Maji matamu yakianza kutoka, wimbo hukatika. Mwenye kibanja huchota kwa kibuyu kidogo, akaonja. Wakati huo hakuna anayesema kitu. Hata mpita njia akifika pale husimama. Wote husubiri mpaka mwenye kibanja atamke neno moja la Kinyambo, ambalo kwa Kiswahili tuseme ni "imekolea". Hapo wimbo hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na majirani huanza kuuliza vikombe viko wapi.

Siku moja, Dastan akiwa bado hajaanza shule, Mzee aliinua kibuyu, akaonja, akakawia kidogo. Mtoto akaona baba anachelewesha watu, akasema yeye: imekolea. Mama anasimulia kwamba watu walitazama chini kwa aibu. Neno lile si la mtoto wala la mgeni, ni la mwenye kibanja. Mzee hakumchapa. Alimtoa kwenye mtumbwi kwa kumshika kwapani, akamketisha juu ya gogo na kumwambia, "Zamu yako itafika." Kisha akaonja upya, akalisema neno mwenyewe. Kaka aliipenda hadithi hiyo, na alipokuwa mtu mzima aliisimulia mara nyingi kuliko Mama.

Alianza Shule ya Msingi hapa Ihanda mwaka 1974. Vita vya Kagera vilimkuta darasa la tano, akamaliza la saba mwaka 1980. Mwaka uliofuata alijiunga na sekondari ya kanisa wilayani Karagwe, akahitimu kidato cha nne mwaka 1984. Katika miaka hiyo, kwenye mafundisho ya kipaimara, alikabidhiwa tarumbeta la usharika lililokuwa limebonyea mdomoni. Alijifunzia kwenye migomba nyuma ya zizi. Mama anashikilia mpaka leo kwamba ng'ombe wetu mwekundu alipunguza maziwa kwa sababu hiyo, na Dastan amekwenda kaburini bila kukubali shitaka hilo.

Alisomea ualimu daraja la A kuanzia 1985 hadi 1987. Januari 1988 alipangiwa shule ya msingi huko Rugu, akafundisha hisabati na kuimba. Jumamosi alikuwa akipanda baiskeli, tarumbeta mgongoni, kwenda kufundisha bendi za Rugu na Nyakakika. Katika bendi ya hapa Ihanda alimfundisha Nsanzimana, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye mwenyewe alifika kwetu kama kibarua wa Mzee. Walikuwa wamekanyaga ndizi pamoja kwenye mtumbwi mmoja tangu ujana wao. Leo Nsanzimana ndiye kiongozi wa bendi, ni yule pale mwenye koti la kijivu.

Tarehe 12 Desemba 1992 Dastan alifunga ndoa na Liliane Uwamahoro wa Nkwenda, ambako siku hizi ni wilaya ya Kyerwa lakini wakati ule kulikuwa bado Karagwe. Siku ya kupeleka posa, wazee wa Nkwenda walitaka kujua binti yao atakaa wapi, maana walikwishasikia kwamba kijana ana mambo ya muziki. Mzee Byarugaba alimjibia mwanawe. Alisema Dastan ni mrithi, atakaa wapi tena kama si Ihanda? Wazee waliridhika. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kampire na Adelard.

Mwaka 1994 kanisa lilimpeleka Arusha kusomea muziki, na mwaka 1997 alipata nafasi ya masomo Ujerumani. Alisema anakwenda kwa miaka mitatu. Alikaa kumi na sita. Wifi yangu alibaki hapa na Mama, akilima na kuchuma kahawa, mpaka alipomfuata na watoto mwaka 2000. Kule Dastan alipata kazi ya kufundisha kwenye shule ya muziki katika mji wa Bielefeld, akawa pia anatunga. Leo ni siku ya msiba, lakini tusimpambe. Barua zake zilikuwa chache, na kila mwaka alikuwa anarudi mwakani.

Muziki wake mkubwa kuliko yote ni huu unaoitwa Kibanja, alioutunga kwa ajili ya okestra nzima, fidla, filimbi, matarumbeta na ngoma, kwa muda wa majira mawili ya baridi. Unaanza na mvua kwenye majani ya migomba. Baadaye kuna kahawa inayosambazwa mkekani, na Mama anayemwita jirani kutoka ng'ambo ya shamba. Kikohozi cha Mzee cha asubuhi kinapigwa na tarumbeta lile kubwa kuliko yote. Halafu ndizi zinakanyagwa. Ndipo panafika kimya chenyewe, na baada ya kimya wimbo unatakiwa urudi. Kwenye nota, mahali pa kimya, hakuandika kisubiriwe kwa muda gani. Aliandika tu: subirini neno.

Ulipigwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2005. Wifi alikuwepo ukumbini na ndiye aliyetusimulia. Dastan alikuwa amewaomba wapiga fidla wavue viatu ili wakanyage sakafu kama watu walio kwenye mtumbwi. Walisema sakafu ni ya baridi. Baada ya mazungumzo walikubali kubaki na soksi. Kimya kilipofika, watu wa ukumbini walidhani muziki umekwisha, wakapiga makofi, na wengine wakasimama kuchukua makoti. Mwongozaji wa okestra akawasubiri wakae, kisha akaendelea. Waliupenda sana, na magazeti ya kule yaliusifu. Lakini Dastan alimwambia mkewe wakiwa njiani kurudi nyumbani kwamba muziki ule haujapigwa bado, kwa sababu neno halikusemwa, na mtu wa kulisema yuko Ihanda.

Julai 2006 alikuja likizo na santuri ya muziki huo. Tulikaa sebuleni sote. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kikohozi kilipopigwa aliinua kichwa akasema, "Huyo ni mimi," na tukacheka, naye akacheka. Halafu miguu ikakanyaga, na kimya kikafika. Sote tulinyamaza. Hakuna aliyetuambia tunyamaze, miili yetu yenyewe ilikumbuka. Tukamtazama Mzee. Dastan alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili kama mtoto aliyeketishwa juu ya gogo.

Mzee alitazama viganja vyake. Neno hakulisema. Muziki ukarudi wenyewe, kwa sababu santuri haijui kusubiri, ukapiga mpaka mwisho. Ulipokwisha Mzee alimuuliza mwanawe swali moja: "Na wewe unarudi lini?" Dastan alieleza kuhusu mkataba wa kazi. Mzee alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Mzee Byarugaba alifariki tarehe 21 Agosti 2009. Dastan alifika siku mbili baada ya sisi kumzika. Akifa mwenye kibanja, kwetu mtumbwi wa kukamulia hufunikwa, na hubaki hivyo mpaka mrithi asimikwe na kuufunua kwa mikono yake. Nsanzimana aliufunika. Wazee wa ukoo walimwambia Dastan kwamba kusimikwa si kupiga picha, inabidi mtu alale hapa na kulima hapa japo msimu mmoja. Alikuwa na wiki mbili za ruhusa. Alisema mwakani. Mtumbwi ukabaki umefunikwa miaka yote hiyo, kuku wakataga chini yake, na mimi niliyebaki kulima kibanja hiki na Mama nilikuwa nikienda kukamulia kwa majirani. Niliumia, na nilimwambia. Alikubali kila neno, akapanda basi.

Mwaka 2013 alirudi Tanzania moja kwa moja, akafundisha muziki katika chuo cha kanisa huko Arusha. Wanafunzi wake wengi wako hapa leo, na wengine ni walimu wa kwaya katika dayosisi mbalimbali. Walimpenda. Hakuwa mkali, ila alikuwa na tabia ya kumsimamisha mtu katikati ya wimbo na kumuuliza, "Hapo unamwambia nani?" Krismasi alikuja nyumbani karibu kila mwaka. Alikuwa akikaa juu ya mtumbwi uliofunikwa na kunywa chai.

Novemba 2023 alianza kulalamikia maumivu ya tumbo. Alipimwa Arusha, baadaye Mwanza, ikaonekana ni saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Alipata matibabu kwa miezi kadhaa. Juni 2024 madaktari walimweleza ukweli kwa upole, naye akawashukuru. Watoto walitaka abaki Arusha karibu na huduma. Alisema anakwenda kulala kwenye kibanja, na safari hii hakusema mwakani.

Siku aliyofika, kabla hajanywa maji, aliomba mtumbwi ufunuliwe. Alitaka aufunue mwenyewe, akauwekea mikono, lakini nguvu zilikuwa za Nsanzimana. Upande mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Nsanzimana aliuziba kwa ubao, akausugua, wakauacha uani juani. Wazee wa ukoo waliuona umefunuliwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mgonjwa kwamba bado hajalima msimu.

Kisha akaanza kazi yake ya mwisho. Ihanda haina okestra, ina matarumbeta na ngoma, kwa hiyo aliuandika muziki wote upya kwa ajili ya bendi yetu. Aliandika akiwa kitandani, Liliane akimchorea mistari. Sehemu ya fidla aliwapa akina mama wa kwaya waimbe bila maneno. Mzee mmoja wa usharika alikuja kuuliza kwa heshima kama ni sawa bendi ya kanisa kupiga muziki wa pombe. Dastan alimjibu kwamba alihakikisha mwenyewe: katika muziki ule maji ya ndizi ndiyo kwanza yanatoka, bado hayajachachuka. Mzee yule alicheka, na Jumapili iliyofuata alijiandikisha kukanyaga.

Jumamosi tarehe 16 Novemba bendi ilikuja hapa uani kwa mazoezi ya wote pamoja. Dastan alitolewa nje na kuketishwa kwenye kiti cha Mzee, na blanketi miguuni. Mama alikuwa kibarazani anamenya ndizi za mchana. Vijana wawili waliingia mtumbwini na kukanyaga ndizi za kweli. Muziki ulipigwa vizuri, hata kikohozi, mpaka kimya kikafika. Dastan hakumtazama Nsanzimana. Alimtazama Mama, akamwambia, "Mama, wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Liseme."

Mama aliweka kisu chini. Akasema, "Baba yako hakulisema, mwanangu. Mimi nitalisema kwa mdomo wa nani?"

Hakusema kwa ukali. Mnamfahamu Mama. Aliishi na Mzee tangu usichana, na alimheshimu mpaka katika yale ambayo hakupenda. Aliona kwamba akilisema atakuwa amempa mwanawe kitu ambacho mumewe alimnyima, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Dastan alimwelewa. Alimwashiria Nsanzimana aendelee tu. Nsanzimana akashusha tarumbeta. Alisema yeye amekanyaga mtumbwi huu tangu ujana wake na hajawahi kuona wimbo unarudi bila neno, hajui hata aanzie wapi. Basi wakafuta matarumbeta yao, wakanywa maji ya ndizi, wakaenda. Nusu ya pili ya muziki wa kaka haijapigwa Ihanda mpaka saa hii. Dastan hakulalamika. Nilimkuta jioni amegeukia ukutani, na nilikaa naye.

Aliendelea kudhoofika. Alipokea Chakula cha Bwana Krismasi, akiwa na fahamu zake zote. Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alifariki katika chumba alichozaliwa, Liliane akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane.

Mama aliambiwa, akaingia, akamfunga mwanawe macho. Kisha akatoka uani mbele ya watu waliokuwa wanaanza kufika, akamwita Nsanzimana, akamwambia, "Funika mtumbwi." Nsanzimana aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Mtumbwi haufunikwi kwa kifo cha mtu yeyote tu wa nyumba, hufunikwa akifa mwenye kibanja. Mama akarudia. Wazee wa ukoo walikuwa wamesimama pale pale kwenye njia, na hakuna aliyepinga. Mnauona pale umefunikwa. Atakayeufunua tutamjua wazee wakikaa baada ya matanga, na wala simo kwenye kuharakisha jambo hilo.

Marehemu ameacha mke, Liliane Uwamahoro, watoto wawili, Kampire na Adelard, mjukuu mmoja, mama mzazi, Laurensia, sisi wadogo zake watatu, wakwe na mashemeji wa Nkwenda, wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu, na bendi ya usharika wa Ihanda. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mchungaji na usharika, majirani walioacha majembe yao tangu Jumapili kwa ajili yetu, na wanawake walioleta ndizi, kuni na maji bila kuombwa.

Sasa bendi itapiga. Kwa kuwa mtumbwi umefunikwa, wakanyagaji watakanyaga udongo huu wa kaburi lake, hapa pembeni ya Mzee. Jana jioni nilikuwa namsomea Mama karatasi hii ili aniambie kama kuna kosa. Alirekebisha habari za ng'ombe. Nilipofika kwenye kimya nilimwambia kwamba tumekubaliana na Nsanzimana bendi iishie pale, tusimlazimishe. Mama akaniambia, "Andika kwamba nitalisema. Nitalisema kwa mdomo wangu. Ila waambie wanisubiri nisimame."

Ndugu zangu, magoti ya Mama yamezeeka, na anatoka mbali. Kimya kikifika, tafadhali msipige makofi, msianzishe pambio, msimshike mkono kumsaidia. Msubirini.

Dastan Byarugaba, mwenye kibanja hiki, apumzike nyumbani kwake kwa amani.